Mkono Uliorudi Hombolo

Kikuyu, Dodoma
2 Juni 1912

Binti yangu Dorkasi,

Kabla ya salamu nianze na lililonifanya nishike kalamu, maana nikianza na salamu nitaishia humo humo kama nilivyofanya miaka yote. Kuna jambo nimemficha baba yako. Linahusu mkono wa ng'ombe, ule ninaopewa mimi kila mnyama anapochinjwa katika nyumba yetu, na ambao yeye hajapewa hata mara moja. Mama yetu aliniambia jambo hilo siku aliyokufa, akaniagiza nimfikishie ndugu yangu. Sikumfikishia. Sasa kifua changu kinaniambia kwamba nisiposema mwaka huu, sitasema tena.

Basi, salamu. Hamjambo huko Hombolo? Mtama umeivaje? Macho ya mama yako Ruthu yameacha kuwasha? Mimi nipo. Usiku nakohoa, mchana napumzika kutokana na kukohoa. Jirani yangu Mwajabu huniletea uji, akauweka mlangoni na kupiga kelele, "Mwalimu, umeamka au nikawaite wachimba kaburi?" Nami humjibu kwamba nimeamka, tukacheka wote wawili, ingawa mimi kicheko hukilipia kwa kifua.

Hassani mnunuzi wa ngozi ameniambia kwamba mdogo wangu Matonya amewapokea wazee kutoka Mvumi, kwamba unaposwa na kijana Filipo anayefundisha watoto kusoma, na kwamba ng'ombe wa harusi tayari amefungwa ananeneshwa. Haya nimeyapata kwa mnunuzi wa ngozi. Sikuyapata kwa ndugu yangu. Mimi niliyekushika mkono ukaandika herufi yako ya kwanza majivuni, mimi na marehemu mke wangu Hana tuliokulea kama wetu, kwa kuwa wetu hatukupata! Hana alipozikwa, Matonya akaja akakuchukua kama mtu anayefuata jembe lake aliloazimisha.

Unaijua desturi yetu. Mkono wa mbele wa kulia, kuanzia begani, ni wa mkubwa wa nyumba. Mdogo hupata shingo. Na binti haondoki kwao mpaka mkubwa ameula ule mkono. Mchungaji husema hiyo ni mila tu, lakini akialikwa hukaa karibu na chungu. Kwa hiyo harusi yako inapita kwangu, atake asitake anayenifichaficha habari.

Mistari ile ya juu usimsomee baba yako. Nitalisema jambo lenyewe, ila niache nilisogelee kwa mwendo wangu.

Baba yako mkubwa,
Nikodemo


Hombolo
12 Juni 1912

Baba mkubwa, shikamoo.

Barua yako imefika ikinuka ngozi za Hassani, lakini imefika. Sisi hatujambo. Mtama mwaka huu ni mzuri, ndege wametuachia sehemu yetu. Macho ya mama hayawashi tena, sasa analalamika kwamba anatuona vizuri mno. Pole sana na kifua. Mwambie Mama Mwajabu asante kwa uji, na aache utani wa makaburi.

Baba alikaa mbele yangu kama hakimu wa boma, akasema, "Soma." Nikaanza pale kwenye "Basi, salamu." Akaninyamazisha.

"Kaka yangu msomi anaanza barua kwa basi? Huko juu pana nini?"

Nikamwambia ni tarehe.

"Tarehe ndefu hiyo," akasema, lakini hakuuliza tena.

Sasa anataka niandike maneno yake kama anavyoyatoa, nisiyalainishe. Haya ndiyo:

"Kaka, kikohozi chako nimekisikia. Kilianza siku nilipomfunga ng'ombe, na kitapona siku utakapouona mkono. Habari sikuileta kwa sababu nilitaka kuja mwenyewe nikuambie tukiwa tumekaa, ila goti limegoma. Kama unanionea wivu kwa binti yangu, sema wazi, usijifiche nyuma ya mnunuzi wa ngozi. Ng'ombe ni yule mwekundu wa pembe iliyoinama. Mkono wake utakutosha wewe na jirani zako wote, na wachimba kaburi wao pia."

Mama anasema nikuandikie kwamba baba alikuwa anacheka alipokuwa akisema hayo. Ni kweli, alicheka. Kisha akaniuliza kama kweli umeandika kwamba unakohoa usiku kucha, na nani anakuwashia moto.

Sasa nasema yangu. Baba mkubwa, Filipo nampenda. Sijui niliandikeje neno hilo kwa mzee wangu, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, basi livumilie. Yeye ana subira, ila mama yake hana. Tukimaliza mavuno ng'ombe atachinjwa. Ukishaula mkono nitaondoka, na njia ya kwenda Mvumi nitaipitisha kwako nikupikie siku kadhaa.

Na lile jambo la juu sijamwambia mtu. Lakini limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Liseme.

Mwanao,
Dorkasi


Kikuyu, Dodoma
25 Juni 1912

Mwanangu Dorkasi,

Salamu kwako, kwa mama yako, na kwa huyo ng'ombe mwekundu, ambaye nasikia anatunzwa kuliko mimi. Kipupwe kimeanza. Upepo unaingia ndani ya tembe hata mahali nilipopaziba kwa udongo. Mwambie mdogo wangu Matonya kwamba dhihaka zake zimefika salama, hakuna iliyovunjika njiani.

Juzi nilijikongoja hadi sokoni kwa Hamidi mchinjaji, kutafuta mfupa wa mchuzi. Nikamkuta Bwana Lundi. Huyu si Mdachi. Ni Mswidi, mtu wa nchi ya baridi iliyo mbali kaskazini, naye husimamia maseremala pale stesheni. Baba yake alikuwa padri aliyependa kuchimba asili ya maneno, na mwana ameurithi ugonjwa huo. Akinunua kuku atauliza nani alimwita kuku. Nami, kwa kuwa naelewa Kidachi kidogo, hunishika hapo hapo.

Hamidi akamwambia, "Bwana, nyama inunuliwe, au iulizwe jina la babu yake?"

"Vyote viwili," Mswidi akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea.

Alikuwa ameushika mkono wa ng'ombe uliotundikwa. Akaniuliza sisi tunauitaje. Nikamwambia, mkono. Akafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Akasema kwao kipande kile huitwa *bog*, na Wadachi wanalo neno hilo hilo, wamelibadilisha sauti kidogo tu. Leo kwao *bog* ni bega la mnyama, na mabaharia huiita hivyo sehemu ya mbele ya meli, ile inayoyasukuma maji kwa bega. Lakini wajuzi wa maneno wameufuata unyayo wake nyuma, wakapita vitabu vyote, wakaona kwamba hapo mwanzo lilikuwa mkono wa mtu. Mkono huu, akasema, akajipiga hapa juu ya kiwiko, mahali mama anapoegemeza kichwa cha mtoto. Nyama ilikuja baadaye ikachukua jina. Siku zikapita, watu wakausahau mkono, wakabaki na nyama.

"Hata hapa kwetu," Hamidi akasema, huku akipangusa kisu. "Watu husahau mkono, wakabaki na nyama. Njoo siku ya sikukuu ujionee."

Kisha Mswidi akaniuliza kwa nini sisi Wagogo wa Hombolo tunampa mkubwa mkono, na si sarara. Sarara ni laini zaidi.

"Sarara ni ya meno," nikamwambia. "Mkono ni wa heshima."

"Na wewe uliupataje?"

"Kwa kuzaliwa kwanza."

Hamidi akatikisa kichwa. "Mwalimu una bahati wewe. Mimi kwetu ndiye kitinda mimba. Nilipewa kwato, nikaambiwa nishukuru."

Wakacheka. Mimi nilirudi nyumbani bila mfupa.

Baba yako anasema nina wivu. Haya, nikubali. Lakini na yeye asikilize, maana aliponiambia hivyo alicheka, na mimi sikucheka.

Tulizaliwa mwezi mmoja, mwaka wa njaa, baba yetu alipokuwa ameajiriwa kubeba pembe kwenda pwani. Wake zake wawili walihamia bondeni Hombolo, kwenye maji yaliyobaki, wao na mkunga mmoja kizee, hakuna mwingine. Hapo ndipo tulipozaliwa, mimi kwa mke mkubwa, Matonya kwa mke mdogo. Mama yake Matonya hakuinuka tena kitandani. Mama yangu akatuchukua sote, mmoja huku, mmoja huku, akatunyonyesha maziwa ambayo sijui aliyapata wapi katika njaa ile. Baba aliporudi alinikuta mimi nina ukanda mkononi. Ndio ule wa ngozi ya mbuzi, anaofungwa mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba siku anayozaliwa. Mpaka leo umetundikwa juu ya kitanda changu, mkavu kama jani. Kwa ukanda huo nikawa mkubwa, na mkono ukawa wangu.

Lakini sikia. Mimi nilipewa mkono, yeye akapewa mama. Ukoko wa ugali ulikuwa wake. Mgongo wa mama ulikuwa wake hata alipokuwa mkubwa wa kuchunga ndama. Tukirudi machungani, mama hakuuliza kama mvua imenyesha, hakuuliza kama fisi wameonekana. Aliuliza, "Matonya amekula?" Nilipotoka Mpwapwa kwa wamisionari, mtu wa kwanza wa kijiji chetu kujua kusoma, nikasimama mbele yake na kitabu kikubwa mkononi nikamsomea ukurasa mzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Vizuri. Na ndugu yako umemletea nini?"

Mimi mwanawe wa kumzaa! Nikala mikono ya ng'ombe utoto wangu wote na ujana wangu wote, na kila tonge nilikuwa nikimtazama yeye na shingo yake, amekaa pembeni kwa mama, mama anamchagulia minofu kwenye mifupa kwa vidole vyake. Akaoa, akapata wana. Nikaoa, sikupata. Nikakupata wewe, akakuchukua. Sasa ananitumia mkono, na kicheko juu yake.

Msiniletee. Kuleni wenyewe.

Baba yako mkubwa,
Nikodemo


Hombolo
3 Agosti 1912

Baba mkubwa, shikamoo.

Nakusalimu kwa sababu ulinifundisha kwamba barua isiyo na salamu ni matusi. Sisi tuko wazima wa mwili.

Barua yako nilimsomea baba yote, maana safari hii alinikalia mpaka mwisho. Nilipofika kwenye "Msiniletee" alinyoosha miguu, akasema, "Barua ni karatasi. Mkono ni mkono. Tutampelekea." Akasema hujawahi kuukataa mkono tangu ulipoota meno, na kwamba ukishaunusa hasira zitakwisha.

Basi ng'ombe akachinjwa. Watu wa Mvumi walikuwapo, ngoma zilikuwapo, mama alikuwa amenisuka. Baba mwenyewe akaukata mkono wa kulia, akaupaka chumvi, akaufunga kwa majani, akampa Filipo. Akamwambia, "Huyo unayempelekea ni baba mkwe wako wa kwanza, mimi ni wa pili. Piga goti." Filipo akatembea nao hadi kwako. Akapiga goti mlangoni. Ulichomwambia unakijua, lakini nakiandika ili nawe ukisome kama nilivyokisikia mimi: "Siutaki. Urudishe kwa aliyeutoa." Ukafunga mlango.

Alirudi nao jua la mchana, siku ya pili. Tuliusikia kwa pua kabla hatujamwona. Mbwa wa kijiji kizima walikuwa nyuma yake, na watoto nyuma ya mbwa, na watu wa Mvumi wamekaa pale pale wanangoja kunichukua. Mama yake Filipo akasimama, akakung'uta kanga yake, akasema, "Sisi hatuchukui mke aliyekataliwa na nyumba yake." Wakaondoka. Filipo alikuwa akitazama nyuma mpaka walipopotea.

Mkono baba aliuzika mwenyewe, na goti lake lile. Hakumruhusu mtu kumsaidia.

Hanipi tena maneno ya kuandika. Hii naiandika jikoni, hajui. Lakini jana jioni alisema na mama, na mimi nilikuwa nikipepeta hapo karibu. Nakuandikia kama alivyosema, maana kwa barua yako nimeona kwamba humjui.

Alisema, "Ruthu, mimi huo mkono sijawahi kuutaka. Nyama ngumu, mishipa mitupu. Ila mama alipokuwa anakufa alimwita yeye. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika kibuyu cha maji, akasema, 'Matonya, toka kidogo, mwite Nikodemo.' Akamwambia maneno, mimi nasikia sauti, maneno siyasikii. Nilipoingia alikuwa amekwisha kufa. Sijawahi kumuuliza kaka aliambiwa nini. Niliona haya. Mtoto niliyelelewa tu, nitaulizaje maneno ya mama wa mtu? Lakini kwa neno moja tu la yale ningempa mikono ya ng'ombe wangu wote, na ng'ombe wenyewe."

Mama akamwambia, "Wivu wa uzeeni huo, baba Dorkasi."

Akajibu, "Si wa uzeeni. Nimekua nao."

Baba mkubwa, uliandika kwamba mama yenu alikupa agizo la kumfikishia. Je, ndilo hilo baba analolililia? Kama ndilo, unamnyima nini, na kwa faida ya nani? Mimi sichukuliki tena kwa mume. Wewe hulali kwa kifua. Baba hasemi. Sote watatu tumekaa kumzunguka mnyama mmoja aliyekwisha kuoza.

Mwanao,
Dorkasi


Hombolo
8 Septemba 1912

Shikamoo.

Hujajibu. Hassani amesema amepita kwako akakuta mlango umefungwa, na Mama Mwajabu akamwambia huonani na watu.

Filipo amekuja peke yake, kwa siri ya mama yake. Amesema atangoja mpaka mvua za kwanza. Mvua zikianza atarudi kulima kwao, na huko amekwisha kutafutiwa mwingine.

Baba hukaa pale inapoonekana njia ya Dodoma. Tukimuuliza anasema anaota jua.

Dorkasi


Kikuyu, Dodoma
26 Septemba 1912

Binti yangu Dorkasi,

Utaona maandishi yangu yamelegea. Siku moja naandika mistari michache, siku nyingine sishiki hata kalamu. Sikukunyamazia kwa hasira. Nilikuwa nimelala, Mwajabu ananilisha kwa kijiko, na utani ameuacha. Hapo ndipo nilipojua kwamba hali yangu ni mbaya.

Hamjambo nyote? Goti la baba yako linaendeleaje? Alikande kwa mafuta ya kondoo, asiendelee kulidharau.

Barua hii msomee baba yako kuanzia juu kabisa, na ukimaliza umsomee na ule mwanzo wa barua yangu ya kwanza uliomwambia ni tarehe.

Nianze na Filipo. Alipopiga goti mlangoni kwangu na ule mkono, nilikuwa nimekaa siku nyingi na lile neno la Mswidi. Kwamba kabla ya kuwa nyama ulikuwa mkono wa mtu. Nikautazama umefungwa vizuri kwa majani, nikaona jinsi baba yako alivyoupaka chumvi mpaka kwenye maungio, kwa kuwa anajua meno yangu hupenda pale. Nikaona siwezi kuula tena. Nilitaka kumwambia kijana, "Urudishe kwa mwenyewe." Mdomo ukasema, "Urudishe kwa aliyeutoa." Nilichosema kilikuwa kweli, lakini kilitoka kimevaa sura ya tusi, nami nikakiacha kiende hivyo. Nilifunga mlango, nikasikia hatua zake zinaondoka, wala sikumwita. Unajua kwa nini? Kwa sababu niliwaza Matonya atakavyoumia, na kwa kitambo kidogo nikafurahi. Niandike hivyo hivyo. Nilifurahi.

Sasa mama. Ilikuwa kabla Wadachi hawajajenga boma Kilimatinde, wewe hujazaliwa. Niliitwa, nikaingia, nikampita baba yako mlangoni na kibuyu chake. Nakumbuka nilijivuna. Maisha yote alikuwa akimwita yeye, na siku ya mwisho akaniita mimi. Nikapiga magoti, nikaweka sikio karibu, nikingoja baraka yangu.

Baba yako akusikilize hapa vizuri. Mama hakuniita kwa ajili yangu. Hakuwa na hata neno moja la kwangu. Aliniambia habari za mwaka ule wa njaa, za mkunga, ambaye alikufa kabla baba hajarudi, na za nani aliyelia kwanza bondeni Hombolo. Aliniambia aliogopa. Yeye ndiye mke mkubwa. Mume anarudi kutoka pwani, anakuta mtoto wa mke mdogo amevaa ukanda, na mwenye mtoto amekwisha kufa, hakuna wa kumtetea. Nilimsikiliza na ule ukanda wangu niliufikiria pale ulipotundikwa.

Hapo ndipo wivu wangu ulipoota meno. Zamani niliwaza hivi: yeye amepata mama, mimi nimepata mkono, tumegawana. Siku ile nikajua kwamba kumbe hata mkono nilikuwa nimeazimwa. Ule ukoko, ule mgongo, ile "Matonya amekula?", yote yale mama alikuwa anarudisha kidogo kidogo kitu ambacho hakuwa na ujasiri wa kukirudisha chote. Nami nilikuwa nikimchukia ndugu yangu kwa ajili ya marejesho yake mwenyewe.

Mama akaniambia, "Nimekuachia wewe uliyesoma, utajua namna ya kusema." Nikamwambia, "Ndiyo, mama." Nikatoka. Baba yako akaniuliza kwa macho. Nikamwambia, "Amelala." Nikaenda uani, na jioni ile tulipochinja kwa ajili ya msiba, nikaletewa mkono. Nikaula.

Kwa nini sikusema miaka yote hii? Alikuwa na ng'ombe, ana wana, ana mke anayecheka, ana kicheko chake mwenyewe ambacho watu huja kukisikiliza kutoka mbali. Nilijiambia, akipata na mkono, mimi nitabaki na nini? Nikauchunga mkono kama mbwa anavyochunga mfupa alioshindwa kuutafuna. Hata Hana hakujua. Hata sasa ninapoandika, Dorkasi, nikiwaza jinsi atakavyokaa mbele yako akisikia haya, na wewe uko upande wake, na Ruthu upande wake, nina wivu. Nilidhani kufa kungeuondoa. Haujaondoka, umenisindikiza mpaka hapa.

Barua hii nimeifunga kwa ule ukanda wa ngozi ya mbuzi. Msiukate, ni mkavu. Ufungueni taratibu, apewe baba yako mkononi.

Kisha wapelekeeni habari watu wa Mvumi kabla mvua hazijaanza. Waiteni, na mama yake Filipo awepo, nawe uisome barua hii mbele yake. Mchinjeni mbuzi, ng'ombe mmoja ametosha. Mkono wa kulia mpeni baba yako, aule mbele yao wote, mishipa na yote, asiseme ni mgumu. Akishaula uko huru, mwanangu, nenda kwa mume wako, wala usipite kwangu kunipikia, maana huenda ukapita bure. Mimi nitumieni shingo. Ikinikuta bado natafuna, nitaitafuna kwa wivu, lakini nitaimaliza.

Na yale maneno ya mama ambayo baba yako alikuwa tayari kuyanunua kwa ng'ombe wake wote, ni yake, bila malipo. Nimeyatunza vizuri kuliko nilivyotunza kitu chochote, sijapoteza hata moja. Alisema hivi:

"Mwambie Matonya kwamba ukanda niliuvua mkononi mwake, akiwa amelala. Mwambie baada ya hapo nilimbeba kwa mkono huu kila siku, nisije nikasahau nilichofanya, na kwamba mwisho wake nilikuwa nambeba kwa sababu nampenda tu."

Msalimu mama yako. Msalimu Filipo, umwombe anisamehe ule mlango.

Baba yako mdogo,
Nikodemo